Gauni moja, miili 38: kisa cha kupandisha na kushusha saizi katika karakana moja ya Ngamiani, Tanga

Kisa hiki kilitokea katika karakana yenye cherehani tano huku Ngamiani, katika mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Mama mwenye karakana alikuwa amemshonea mwenyekiti wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa gauni la kitenge lililokatwa kiunoni, lenye dati mbili kifuani, yaani mikunjo iliyoshonwa ili kitambaa kifuate umbo la matiti, mikono inayoishia kwenye kiwiko na sketi inayopanuka taratibu kuelekea chini. Gauni lilimkaa mwenyekiti vizuri mno, kiasi kwamba wanachama wenzake 38 walikubaliana kuvaa mshono huo huo kama sare katika harusi ya binti wa mmoja wao. Siku zilizokuwapo zilikuwa 12. Mama aliipokea kazi hiyo kwa furaha, akamkabidhi patani ya gauni la mwenyekiti, yaani kile kigezo cha karatasi ya kaki, binti mkataji mwenye uzoefu wa miaka miwili, akamwambia atoe saizi zote kutoka humo.

Niliitwa siku ya nne. Nimeandika habari hii kwa kirefu, kwa ruhusa ya mama na ya binti mwenyewe, kwa sababu makosa mawili yaliyofanyika ndiyo ninayoyakuta mara nyingi zaidi kwa mafundi wetu, na ni nadra yote mawili kuonekana ndani ya kazi moja, yakiwa yametoka kwenye patani ile ile, kwa kitambaa kile kile na kwa mkasi ule ule.

Ni haki kwanza kueleza kwa nini mama hakuamua kumpima kila mmoja na kumchorea patani yake. Kuchora patani ya gauni la namna hii kuanzia mwanzo, pamoja na mkono wake, humchukua fundi makini sehemu kubwa ya asubuhi. Ukiwa na watu 38 na siku 12, hesabu haifiki. Ukiwa na patani saba zilizopandishwa na kushushwa vizuri, unatandika tabaka kadhaa za kitambaa, unakata magauni matatu au manne ya saizi moja kwa mara moja, kisha unabaki na marekebisho madogo tu ya kila mvaaji. Wazo la mama lilikuwa sahihi kabisa. Kilichokosekana ni ujuzi wa kugawa ile tofauti ya saizi ndani ya patani.

Mwenyekiti alikuwa na kifua cha inchi 36. Wenzake, kwa kifua peke yake, walipangwa hivi: wanne wa 34, saba wa 36, tisa wa 38, wanane wa 40, watano wa 42, watatu wa 44 na wawili wa 48. Karakana hii, kama karakana nyingi nizijuazo, hufanya kazi kwa inchi, nami nitabaki humo humo, nikitumia robo, nusu na thumuni, yaani sehemu ya nane ya inchi, kwa maana kupandisha saizi ni kazi ya thumuni zaidi kuliko ya inchi nzima.

Kosa la kwanza

Binti alianza na saizi kubwa kwa sababu ndizo zilizomtia hofu. Kwa wale watatu wa 44 alifanya hesabu ambayo mtu yeyote aliyesoma shule angeweza kuifanya kwa nia njema: akagawanya 44 kwa 36, akapata 1.22, kisha akazidisha kila kipimo cha patani kwa namba hiyo, kama mtu anayekuza picha. Bega lililokuwa inchi 4¾ likawa takribani inchi 5¾. Nusu ya upana wa shingo, iliyokuwa inchi 3, ikapita inchi 3½. Urefu wa mgongo kutoka shingoni hadi kiunoni, uliokuwa inchi 16, ukafika inchi 19½.

Magauni matatu yakakatwa kwa pamoja, na moja likapigwa bandi na kujaribiwa. Mwenye nalo alisimama mbele ya kioo, mabega ya gauni yakiwa yamemwangukia mikononi, kola ikiwa imeachana na shingo, na mshono wa kiuno ukiwa umeketi juu ya nyonga. Kifua peke yake ndicho kilichotosha. Mama huyo hakulalamika kwa sauti, ila alisema neno ambalo binti alilirudia kwangu akiwa na machozi: "Mwanangu, umenishonea mtu mrefu kuliko mimi."

Hakukuwa na maelezo mafupi na sahihi zaidi ya hayo. Mwanamke mwenye kifua cha 44 hana mifupa iliyozidi ya yule wa 36 kwa sehemu 22 kati ya 100. Bega ni mfupa, na upana wa shingo mahali inapokutana na mwili unatawaliwa na mfupa. Urefu wa uti wa mgongo haujui chochote kuhusu uzito wa mwenye nao. Nilipowapima wale watatu, mabega yao yalikuwa inchi 5, inchi 5 na inchi 5¼, na migongo yao ilikuwa kati ya inchi 16 na 17. Walikuwa wamezidi pale mwili unapobeba nyama, yaani kifuani, kiunoni, tumboni, nyonga na sehemu ya juu ya mkono. Pengine palipo mfupa walikaribiana sana na mwenyekiti.

Hapa ndipo lilipo jambo lote ninalotaka kulieleza katika kisa hiki. Kupandisha saizi si kukuza patani. Ni kuamua, sehemu kwa sehemu, mwili unaongezeka wapi na kwa kiasi gani, kisha kufungua karatasi mahali hapo tu.

Kosa la pili

Baada ya aibu ile, fundi mmoja mzee wa karakana alimshauri binti kwa njia aliyoitumia maisha yake yote: usiguse bega, usiguse shingo, ongeza ubavuni tu. Kwa saizi ya 42 tofauti ya kifua na 36 ni inchi 6. Patani ina robo nne, mbili za mbele na mbili za nyuma, hivyo kila robo ikaongezewa inchi 1½ kwenye mshono wa ubavu, na mkono nao ukapanuliwa pembeni hadi ukatosha kuingia. Magauni matano ya 42 yakakatwa.

Sina budi kumtetea mzee huyu, kwa kuwa ushauri wake una mantiki na kwa saizi moja hufanya kazi. Ukiongeza nusu inchi ubavuni kwa kila robo ili kupanda kutoka 36 hadi 38, mvaaji ataweza asitambue. Ukirudia mara tatu, kasoro iliyokuwa imejificha huonekana. Katika magauni yale ya 42 upana wote mpya ulikuwa umejazana chini ya mkono. Kitambaa kilijikusanya kwapani, huku mbele, mshono wa mkono ukiuma nyama ya bega kwa sababu kifua cha juu kilibaki cha mtu wa 36. Ncha za dati zilikuwa zimebaki inchi 3½ kutoka mstari wa katikati, ilhali matiti ya wavaaji yalikuwa inchi 4 kutoka hapo, hivyo dati zikaelekeza mahali pasipo na kitu. Mzunguko wa mkato wa kwapa ulikaribia inchi 20, ambapo inchi 19 zingetosha, na mkono uliotengenezwa kuufuata ukawa kama mfuko.

Kosa la kwanza liliongeza kila mahali kwa uwiano mmoja. Kosa la pili liliongeza mahali pamoja. Mwili hauongezeki kwa namna yoyote kati ya hizo mbili.

Kugawa nusu inchi

Tulianza upya na karatasi. Jambo la kwanza nililomwomba binti lilikuwa kuondoa nafasi ya mshono kwenye patani ya mwenyekiti, kwa maana patani hupandishwa ikiwa imebaki na mstari wa mshono wenyewe, na nafasi ya mshono hurudishwa mwishoni. Asiyefanya hivyo hujikuta nusu inchi ya mshono inaingia kwenye hesabu ya mwili bila yeye kujua.

Kisha tukachora mistari ya kukata. Katika robo ya mbele tulichora mistari mitatu ya kushuka: mmoja ukishuka kutoka ndani ya mkato wa shingo, wa pili ukishuka kwa mshazari kutoka katikati ya bega na kupita upande wa ndani wa ncha ya dati, na wa tatu ukishuka kutoka chini ya mkato wa kwapa. Tukaongeza mstari mmoja wa mlalo unaopita katikati ya mkato wa kwapa. Robo ya nyuma ikafanyiwa vivyo hivyo. Ukikata karatasi juu ya mistari hiyo na kuvitandaza vipande juu ya karatasi nyingine, unaweza kuviachanisha kwa kiasi unachotaka mahali unapotaka, kisha ukachora upya ukingo wa nje ukiunganisha pengo kwa mkono uliotulia.

Kila saizi inapanda kwa inchi 2 za kifua, hivyo kila robo hupata nusu inchi, yaani thumuni nne. Tuliigawa hivi: nusu thumuni kwenye mstari wa shingo, thumuni moja kwenye mstari wa bega, na thumuni mbili na nusu kwenye mstari wa kwapa. Mstari wa mlalo ulifunguliwa thumuni moja ili kina cha kwapa kiongezeke kidogo. Urefu wa chini ya kwapa hadi kiunoni hatukuugusa hata kidogo.

Msomaji atazame kilichotokea. Kutoka 36 hadi 44 kuna hatua nne. Bega limeongezeka thumuni nne tu, yaani nusu inchi, likawa inchi 5¼, ambayo ilimtosha mwenye bega pana zaidi kati ya wale watatu, na kwa wawili wenye inchi 5 tulipunguza robo inchi wakati wa kuingiza mkono. Nusu ya upana wa shingo imeongezeka robo inchi, ikawa inchi 3¼. Mgongo umeongezeka nusu inchi peke yake. Lakini kifua kimepata inchi zake 8 zote. Na dati, ambayo binti alidhani itabidi ihamishwe kwa kazi ya ziada, ilijihamisha yenyewe: kwa kuwa mistari ya shingo na bega yote miwili iko upande wake wa ndani, kila hatua iliisogeza thumuni moja na nusu mbali na katikati, na kwa hatua nne ikafika inchi 4¼. Tulipopima mvaaji wa kwanza wa 44, inchi hizo 4¼ ndizo zilizotoka kwenye futi kamba. Ulikuwa ndio wakati binti alipotabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Mgawo huu si sheria ya mbinguni. Mafundi wengine huweka zaidi begani na kidogo kwapani, na kwa kitambaa kinachovutika mambo hubadilika. Ninachokishikilia ni mpangilio wake: shingo hupata kidogo kuliko zote, bega hufuata, na sehemu kubwa zaidi huenda karibu na ubavu, lakini si yote.

Kushusha hadi 34 hufuata mistari hiyo hiyo, ila badala ya kuviachanisha vipande unavipandanisha kimoja juu ya kingine kwa kiasi kile kile. Wale wanne wa 34 hawakutupa shida yoyote isipokuwa maua ya kitenge. Ua la kitenge kile lilikuwa kubwa, na ua halishuki saizi. Lililotulia kifuani kwa mwenyekiti lilikatika nusu ubavuni kwa msichana mwembamba, tukalazimika kusogeza mkao wa patani juu ya kitambaa ili libaki katikati.

Mkono na kwapa lake

Patani ya mwili wa gauni, yaani sehemu ya juu ya kiuno, ikishapanda, mkono hauwezi kubaki ulivyo, na wala hauwezi kupandishwa kwa kukisia. Mkato wa kwapa wa mwenyekiti ulikuwa na mzunguko wa inchi 17 na kichwa cha mkono wa gauni lake, yaani ule ukingo wa juu uliopinda unaoshonwa kwenye mkato wa kwapa, kilikuwa na inchi 17¾. Ile robo tatu ya ziada ndiyo inayoufanya mkono ujae begani badala ya kuvutika. Katika kitambaa cha sufu unaweza kuacha zaidi ya inchi moja, kwa sababu sufu hukubali kukusanywa kwa mvuke wa pasi. Kitenge ni pamba iliyofumwa kwa kubana, na ukizidisha ziada, mshono hujaa vikunjo ambavyo pasi haiviondoi. Kwa hiyo robo tatu ililazimika kubaki robo tatu katika kila saizi.

Tulifungua mkono wa kila saizi kwa thumuni tano kwenye upana wa juu na thumuni moja kwenye kimo cha kichwa chake. Baada ya hapo tulipima. Futi kamba hapa isilazwe. Isimamishwe kwa ukingo wake na itembezwe juu ya mstari wa mshono, kwa kuwa ikilazwa kwenye mkunjo hudanganya. Kwa saizi ya 44 mkato wa kwapa ulitoka inchi 19¾ na kichwa cha mkono inchi 20½. Tofauti ilikuwa ile ile. Kwa saizi ya 42 kichwa kilizidi, kwa sababu binti alikuwa amefungua mstari mmoja mara mbili. Binti alitaka kukimbilia kukata sehemu ya juu ya kichwa ili kipungue. Nilimzuia. Ukipunguza kimo cha kichwa, mkono huvutika na kukunjamana pindi mvaaji anaposhusha mkono wake. Kinachopunguzwa ni upana, upande wa chini ya kwapa, pale kosa lilipoingilia.

Upimaji huu wa mishono inayokutana, bega kwa bega, ubavu kwa ubavu, mkono kwa kwapa, ulituchukua saa mbili kwa saizi zote. Mama aliona muda unapotea. Ninaelewa wasiwasi wake, kwani siku zilikuwa zinakwisha, lakini saa mbili juu ya karatasi zilituepusha na kufumua mikono 76.

Wale wawili wa 48

Hapa ndipo kisa kilipokuwa kigumu, na hapa ndipo nilipojifunza mimi mwenyewe kitu cha kukikazia.

Kutoka 36 hadi 48 ni hatua sita. Kwa mgawo wetu bega lingefika inchi 5½, na nilijua kwa kuwatazama tu kina mama wale wawili kwamba lingekuwa kubwa. Patani moja haipaswi kupelekwa mbali zaidi ya hatua tatu kutoka ilipozaliwa, kwa sababu kila hatua hubeba kosa dogo la ile iliyotangulia. Tayari kwa 44 tulikuwa tumevuka kiasi hicho kwa hatua moja, na ndiyo maana tuliwajaribisha wale watatu wote bila kumwacha hata mmoja.

Niliwaomba wale wawili ruhusa ya kuwapima mara ya pili, safari hii nikichukua pia kifua cha juu, yaani mzunguko unaopita kwapani na juu ya matiti. Kipimo hiki hakimo katika daftari nyingi za mafundi wetu. Kwa mwenyekiti kilikuwa inchi 34, yaani pungufu ya inchi 2 kwa kifua chake kamili. Mama wa kwanza wa 48 alikuwa na inchi 42 juu, tofauti ya inchi 6. Mama wa pili alikuwa na inchi 45 juu, tofauti ya inchi 3.

Basi hawa wawili, waliokuwa wameandikwa katika mstari mmoja wa daftari, walikuwa miili miwili tofauti kabisa. Wa kwanza alikuwa na fremu ya mtu wa 44, mabega membamba ya inchi 5, na matiti makubwa. Wa pili alikuwa mpana mwili mzima, pamoja na mgongo. Kama tungewakatia wote 48 ya kupandishwa, wa kwanza angeogelea mabegani na mgongoni huku kifua kikimbana, kwa sababu kupandisha saizi hugawa ongezeko sawa mbele na nyuma, ilhali nyama yake ilikuwa mbele peke yake.

Kwa wa kwanza tulichukua patani ya 44, ambayo kwa ile tofauti ya inchi 2 ya mwenyekiti wetu ina kifua cha juu cha 42, kisha tukaongeza inchi 4 zilizobaki kwenye vipande vya mbele tu, inchi 2 kila upande. Hilo hufanywa kwa kukata karatasi kutoka kiunoni kwenda juu hadi ncha ya dati, kutoka hapo kuelekea mkato wa kwapa bila kuukata kabisa ukingo wake, na kutoka ubavuni hadi ncha hiyo hiyo, kisha kufungua. Dati inakuwa pana zaidi, mbele inarefuka ili kupita juu ya titi, na bega, shingo na mgongo hubaki kama vilivyokuwa. Kwa wa pili tulipandisha patani hatua moja zaidi, ikawa 46, tukaongeza inchi 1 kila upande wa mbele kwa njia ile ile, na bega tukalirudisha ndani kwa kipimo chake mwenyewe.

Haya hatukuyajaribu kwenye kitenge. Tulinunua yadi chache za marekani, kile kitambaa cheupe kisichotiwa rangi ambacho jina lake limebaki katika pwani yetu tangu karne ya 19, wafanyabiashara wa Salem, jimbo la Massachusetts, walipokuwa wakileta shehena zake Zanzibar. Kwa fundi, marekani ni rafiki mkweli: haina maua ya kuficha kasoro. Mama wa kwanza alipovaa mwili wa marekani na kuinua mikono yake yote miwili bila kiuno kupanda, alinyamaza kidogo, halafu akaniambia: "Shangazi, mimi nimezoea kuambiwa mwili wangu ndio mbaya." Maneno hayo yaliniuma, na yananiuma ninapoyaandika. Mwili wake haukuwa na kasoro yoyote. Kilichokuwa kibaya ni kupimwa mara moja tu mahali ambapo palihitaji vipimo viwili.

Jedwali lilitoka wapi

Binti alinionyesha jedwali la saizi alilolihifadhi kwenye simu, ambalo ndilo lililomfanya aamini kuwa kifua kikijulikana, vipimo vingine vyote vinajulikana. Majedwali ya namna hii yana historia, na fundi akiijua atayaheshimu bila kuyaabudu.

Mwaka 1863 fundi wa Massachusetts aitwaye Ebenezer Butterick alianza kuuza patani za karatasi zilizotolewa katika saizi mbalimbali, jambo ambalo liliwaondolea washonaji wa nyumbani mzigo wa kupandisha patani ya saizi moja wao wenyewe. Baadaye, mwaka 1939 na 1940, serikali ya Marekani iligharimia upimaji wa karibu wanawake 15,000, kazi iliyoongozwa na Ruth O'Brien na William Shelton, na vipimo vya wanawake weupe pekee ndivyo vilivyoingizwa katika hesabu. Juu ya kazi hiyo kikajengwa kiwango cha saizi za nguo za wanawake cha mwaka 1958, CS 215-58, ambacho serikali hiyo hiyo ilikiondoa mwaka 1983. Tena, kampuni nyingi za patani huchora kwa kukadiria kwamba kifua kamili kinazidi kifua cha juu kwa takribani inchi 2. Kwa mwenyekiti wetu kadirio hilo lilikuwa kweli, na kwa bahati yetu. Kwa mama wa 42 juu na 48 chini lilikuwa mbali na kweli kwa inchi 4 nzima.

Sisemi jedwali litupwe. Linafaa kwa kukuonyesha mpangilio wa tofauti kati ya saizi na saizi. Halifai kusimama mahali pa futi kamba wakati wavaaji wenyewe wako hai, wako Tanga, na wanaweza kufika karakana baada ya swala ya alasiri.

Magauni yaliyokuwa yamekatwa

Mama aliogopa kwamba magauni manane yamepotea. Hayakupotea, na namna yalivyookolewa inathibitisha asili ya kila kosa.

Yale matano ya 42, yaliyoongezwa ubavuni tu, kwa hakika yalikuwa ni 36 zenye kitambaa cha ziada pembeni. Bega lao lilikuwa la 36, shingo ya 36, dati za 36. Tulipunguza ubavu na mikono, yakarudi kuwa 36 kamili, na kwa kuwa wavaaji wa 36 walikuwa saba na hakuna aliyekuwa amekatiwa bado, yote matano yakapata wenyewe. Sketi zao tu ndizo zilizobaki kwa wale wa 42.

Yale matatu ya 44 yalikuwa na shida moja halisi, nayo ni shingo, kwani kitambaa kilichokwisha kukatwa shingoni hakirudi. Lakini miili yake ilikuwa imezidi inchi 3 kwa urefu. Tuliilaza patani mpya inchi 2 chini zaidi, mkato mpana wa shingo ukabaki juu katika masalio, na mpya ukakatwa mahali pazima. Mabegani ilibaki robo inchi tu ya nafasi ya mshono badala ya nusu, tukaikinga kwa mkanda mwembamba wa kitambaa kwa ndani.

Sketi zilikuwa rahisi, nazo zilipandishwa peke yake kwa kipimo cha nyonga. Wanawake 11 walichukua mwili wa saizi moja na sketi ya nyingine, na kinachotakiwa hapo ni kuhakikisha tu kwamba viuno viwili vinavyokutana vina kipimo kimoja.

Kazi ilikamilika siku ya 11 usiku. Magauni mawili ya 40 yalirudishwa asubuhi yake kwa ajili ya urefu wa pindo, na moja la 38 kwa sababu mwenye nalo alitaka shingo iinuliwe kidogo, ombi ambalo halikuwa kosa la patani.

Nilipopita karakana wiki tatu baadaye, patani zilikuwa zimetundikwa kwenye msumari mmoja, kila saizi na kamba yake, na kila karatasi imeandikwa namba mbili kwa kalamu nyekundu, kifua cha juu kwanza na kifua kamili chini yake. Mama alikuwa anampima mteja mpya. Binti alishika daftari, na kabla mama hajashusha futi kamba kifuani, alimwambia taratibu: "Mama, anza na ya juu."